Kibebeo Kwanza, Metali Baadaye: Mwongozo wa Kupima Oksidi za Vichocheo

Muhula ukianza tu, maswali huanza kuingia. Mmoja ananiandikia kutoka Maseno, mwingine Kakamega, mwingine Njoro, na wote wanauliza yale yale. Ninunue alumina au silika? Nikipata yenye eneo kubwa la uso si nimemaliza? Mbona kichocheo changu kimefanya kazi siku mbili kisha kikalala? Nimefanya kazi ya maabara hapa Kisumu kwa miaka mingi, na maswali haya nimeyajibu kando ya tanuri, kwenye simu, hata ndani ya matatu. Sasa nayaandika mahali pamoja ili ukija kuniuliza tuanzie mbele zaidi.

Maneno machache kabla ya kazi. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemia bila chenyewe kuisha. Cha kiwandani ni nadra kuwa metali tupu. Nikeli au platinamu ikiachwa peke yake kwenye joto, chembe zake huungana zikawa mabonge, na kilichomo katikati ya bonge hakigusi kitu. Kwa hiyo metali hutandazwa juu ya kitu kigumu chenye vitundu vingi. Kitu hicho ndicho ninachokiita kibebeo, na mara nyingi ni oksidi: alumina, silika, titania, zirkonia, seria, magnesia. Kibebeo hakikai kimya. Kinaamua metali itatandaa vipi, itashika kwa nguvu gani, na itadumu muda gani.

Ninachokusisitizia ni kimoja: kipime kibebeo kikiwa kitupu, katika hali ile ile ya kazi yake, kabla hujakiwekea hata tone la metali. Nina sababu. Kuna mwanafunzi aliyeniletea kopo la unga mweupe lililoandikwa "alumina". Niliiamini lebo. Akapakia metali, akachoma, akajaribu, akarudia, miezi mitatu ikaisha na kichocheo hakifanyi lolote. Kumbe ule ulikuwa unga wa kung'arishia vyuma, alumina ya alfa, ambayo ni ngumu na haina vitundu. Kipimo cha maji nitakachokueleza kwenye hatua ya 4 kingetuambia hivyo ndani ya dakika kumi. Tangu siku hiyo sipokei kopo lolote bila kukifanya.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mizani inayosoma gramu 0.001.
- Oveni ya nyuzi 110 hadi 120, na tanuri inayofika nyuzi 900 ambayo unaweza kuidhibiti kasi yake ya kupanda joto.
- Chekeche mbili, ya mikromita 250 na ya mikromita 500.
- Vikombe vya kaure, koleo refu, na desiketa (chombo kilichofungwa cha kutunzia vitu vikavu) yenye jeli ya silika iliyokaushwa vizuri.
- Bureti, au bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa.
- Mita ya pH pamoja na bafa za 4, 7 na 10, yaani vimiminika vya pH inayojulikana vya kusawazishia mita.
- Chupa ndogo nane zenye vifuniko vya kubana.
- Asidi ya haidrokloriki na kostiki (haidroksidi ya sodiamu), zote za molari 0.1, na chumvi safi ya maabara. Chumvi ya mezani ina iodini na dawa ya kuzuia kushikana, iache jikoni.
- Maji yasiyo na madini. Kama mashine yenu imeharibika, maji ya betri kutoka kituo cha petroli yanatosha kwa hatua ya 4. Soma chupa mara mbili, kwa kuwa rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki.
- Miwani ya kinga, glavu, barakoa ya vumbi, na kabati la kuvuta moshi linalovuta kweli. Shika kipande cha tishu kwenye mdomo wa kabati uone kama kinavutwa.

Kuhusu malighafi, wengi hudhani lazima waagize kutoka nje. Kwa kujifunza si lazima. Kariandusi, karibu na Gilgil katika kaunti ya Nakuru, kuna mgodi wa diatomaiti, mabaki ya mwani wa ziwa la kale ambayo sehemu kubwa yake ni silika. Diatomaiti ina vitundu vikubwa kiasili, na duniani imebeba vanadiamu kwenye viwanda vya asidi ya salfuriki na nikeli kwenye viwanda vya kugandisha mafuta ya kupikia. Ya kuchimbwa huwa na chuma na udongo ndani yake, kwa hiyo ioshe kwa asidi kwanza.

Mlango wa pili uko Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Mpunga ukikobolewa, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni makapi, na makapi yakichomwa huacha tena karibu moja ya tano kama majivu, ambayo mengi ni silika. Kilo 100 za mpunga zitakupa takriban kilo 4 za majivu. Chemsha makapi kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 1 kwa saa moja au mbili, suuza mpaka maji yasiwe na ukali, kausha, kisha choma kwa nyuzi 600. Usiruke asidi. Potasiamu ikibaki, huyeyusha silika kabla kaboni haijaisha kuungua. Unapata majivu yenye madoa meusi na vitundu vilivyozibika. Wala usichukue majivu ya lundo lililoungua lenyewe nyuma ya kinu: joto la lundo halidhibitiki, silika inaweza kugeuka fuwele, na vumbi la silika ya fuwele huharibu mapafu kabisa.

Hatua zenyewe

1. Andika kazi ya kichocheo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Joto gani? Kuna mvuke? Kuna asidi, salfa, au kimiminika? Molekuli ni ndogo kama methani au kubwa kama mafuta? Bila majibu haya huwezi kusema kibebeo fulani ni bora, kwa kuwa hakuna kilicho bora kwa kila kazi.

Tazama viwanda vyenyewe. Kutengeneza haidrojeni kwa methani na mvuke hufanyika kwenye joto la nyuzi 700 hadi 900 na zaidi. Hapo nikeli hubebwa na alumina ya alfa au aluminati ya magnesiamu (oksidi ya pamoja ya magnesiamu na aluminiamu), ambazo zina eneo dogo la uso lakini zinastahimili. Silika hapo haifai: mvuke wa joto na shinikizo kubwa huibeba kidogo kidogo na kwenda kuimwaga mbele kwenye mabomba. Kwa kuondoa oksidi za nitrojeni kwenye moshi wa mitambo ya umeme, vanadiamu hukaa juu ya titania ya anatasi (mpangilio mmoja wa fuwele za titania), kwa kuwa titania haigeuzwi salfati kirahisi kama alumina. Kwenye vichujio vya moshi wa magari, seria iliyochanganywa na zirkonia huhifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika. Kugandisha mafuta ya kupikia kunafanyika chini ya nyuzi 200, joto si tatizo, ila molekuli za mafuta ni kubwa na zinataka vitundu vipana.

Na kuna kazi ambazo kibebeo ndicho kichocheo chenyewe. Ethanoli ya molasi, kama inayotengenezwa Muhoroni, ukiipitisha kama mvuke juu ya alumina ya gama kwenye nyuzi 300 hadi 450, hupoteza maji na kuwa ethilini. Hakuna metali hapo.

2. Thibitisha ulichonacho. Jina "alumina" halitoshi. Alumina ya gama hupatikana bohemaiti (madini ya aluminiamu yenye maji ndani yake) ikichomwa kwa karibu nyuzi 500, na eneo lake huwa mita za mraba 150 hadi 300 kwa gramu. Uwanja wa voliboli ni mita za mraba 162. Gramu moja ya alumina nzuri imekunja uwanja mzima ndani yake. Ukipita nyuzi 1,000 hadi 1,100 inageuka alfa, na uwanja huo unabaki mita chache tu. Kama una mtu wa kukupimia kwa eksirei, gama huonyesha vilima vipana kwenye grafu, vikubwa vikiwa karibu na digrii 46 na 67 kwa mashine yenye mrija wa shaba, ilhali alfa huonyesha mistari myembamba mirefu, kama ile ya 35 na 43. Kama huna, endelea. Hatua ya 4 itakupa dalili.

3. Chekecha, kausha, pima. Saga polepole kwa kinu na mchi, chukua kilichopita chekeche ya 500 kikabaki juu ya 250. Unga laini uweke kando, usiutupe, utauhitaji hatua ya 10. Kausha usiku kucha kwa nyuzi 120. Kisha choma gramu 20 kwa nyuzi 500 kwa saa 4, ukipandisha joto nyuzi 5 kwa dakika, na uandike uzito kabla na baada. Tofauti ni maji na takataka uliyokuwa ukidhani ni kibebeo.

*Onyo.* Hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi wa ziwa, na oksidi zenye vitundu zinaunywa. Nimeketi mbele ya mizani nikiangalia tarakimu ya tatu ikipanda, 5.012, 5.015, 5.019, na hakuna mtu aliyeongeza kitu. Pimia ndani ya chupa yenye kifuniko, iliyotoka desiketa sasa hivi. Usipime ikiwa ya moto pia, hewa inayopanda huinua kikombe na uzito utasoma pungufu.

4. Pima ujazo wa vitundu kwa maji. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Haitaki mashine, na inakuambia mengi.

Weka gramu 5 za kibebeo kilichopoa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Dondosha maji nusu mililita kwa mara ya kwanza, funga, tikisa kwa nguvu, gonga chupa kwenye kiganja. Punje zitatiririka tena kama mchanga mkavu wa ufukwe, kana kwamba hukuongeza kitu, kwa kuwa maji yote yameingia ndani. Endelea hivyo, kisha punguza hadi matone mawili mawili. Itafika hatua ambapo punje zinaanza kusita, zinashikana vijibonge, na chache zinaganda kwenye kioo kama unga wa wimbi ulioguswa na mvuke wa sufuria. Simama hapo hapo. Maji yamejaza vitundu na sasa yanatafuta pa kukaa nje.

Gawanya mililita ulizotumia kwa gramu 5. Alumina ya gama nzuri hutoa mililita 0.4 hadi 0.8 kwa gramu, na jeli ya silika hucheza karibu na hapo au juu kidogo. Ukipata chini ya 0.1, unachoshika si kibebeo chenye vitundu, haijalishi kopo linasema nini. Rudia mara tatu. Zikipishana kwa zaidi ya mililita 0.03 kwa gramu, mkono wako bado unaharakisha.

*Onyo.* Silika mpya ikimwagiwa maji kwa wingi hupata joto na punje zinaweza kupasuka. Utasikia kama chumvi kwenye moto. Polepole.

5. Tafuta nukta ya chaji sifuri. Kila oksidi ikiwa ndani ya maji hubeba chaji juu ya uso wake. Kwenye maji yenye asidi huwa chanya, kwenye maji yenye besi huwa hasi, na katikati kuna pH moja ambapo chaji zinalingana. Silika iko karibu na 2, titania karibu na 6, alumina 8 hadi 9, magnesia karibu na 12. Ukiijua nukta hii, unajua chumvi gani ya metali itavutwa na uso na gani itafukuzwa.

Andaa maji ya chumvi ya molari 0.1 kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, ili kaboni dayoksaidi ya hewani isiyaharibu. Mimina mililita 50 kwenye kila chupa, chupa saba. Kwa matone ya asidi na kostiki, zipangie pH 2, 4, 6, 7, 8, 10 na 12. Weka gramu 0.2 za kibebeo kwenye kila moja, funga, tikisa mara kwa mara kwa saa 24, kisha pima pH tena. Chora grafu: pH ya mwanzo kwa mlalo, ya mwisho kwa wima, na mstari wa mshazari ambapo mbili ni sawa. Pale mstari wako unapokata mshazari ndipo penye jibu. Mara nyingi utaona pia sehemu tambarare, chupa tatu au nne zilizoanza mbalimbali zikaishia pH ile ile. Huo ni uso wa oksidi ukivuta maji kuelekea kwake.

Matumizi yake ni haya. Alumina kwenye pH 4 ina chaji chanya, kwa hiyo itashika ioni hasi kama ya asidi ya kloroplatiniki. Silika kwenye pH 9 ina chaji hasi, itashika ioni chanya kama platinamu iliyofungwa na amonia. Ukigeuza, metali itabaki kwenye maji na utaimwaga ukisuuza. Ukumbuke tu kwamba alumina huanza kuyeyuka kwenye asidi kali na besi kali, silika huyeyuka kwenye besi, na magnesia haifai kabisa kuchovywa kwenye asidi.

6. Pima eneo la uso, na usilitukuze. Kipimo kinachokubalika ni cha gesi ya nitrojeni inayoshikwa na uso kwenye nyuzi hasi 196, ukitumia nukta zilizo kati ya 0.05 na 0.30 za shinikizo linganifu, yaani shinikizo la gesi likigawanywa kwa lile ambalo nitrojeni hugeuka kimiminika kwenye joto hilo. Tuma sampuli kwa maabara yenye mashine, na uombe wakuandikie imepashwa joto kiasi gani, na kwa muda gani, kabla ya kupimwa.

Wanafunzi wengi hutumia rangi ya methilini buluu badala yake. Inafaa kulinganisha silika na silika. Usiitumie kulinganisha silika na alumina: rangi hiyo ina chaji chanya, silika huishika kwa hamu, alumina huifukuza kwenye maji ya kawaida. Nimeona ripoti nzima iliyohitimisha kwamba alumina "haina uso" kwa sababu hiyo.

Kwa silika peke yake kuna njia ya Sears ya mwaka 1956 ambayo inataka bureti tu. Gramu 1.5 za silika, gramu 30 za chumvi safi, maji hadi mililita 150, shusha pH hadi 4 kwa asidi, kisha ongeza kostiki ya molari 0.1 hadi pH ifike 9 na itulie. Zidisha mililita ulizotumia kutoka 4 hadi 9 kwa 32, toa 25; hilo ni eneo kwa mita za mraba kwa gramu. Mililita 7 zitakupa 199.

7. Kitese kwa joto na mvuke. Hapa ndipo vibebeo vingi vizuri vya kwenye karatasi huangukia. Chukua gramu 10, ziweke kwenye mrija ndani ya tanuri, kwa joto la nyuzi 50 hadi 100 juu ya joto la kazi uliloandika hatua ya 1, kwa saa 24. Kama kazi ina mvuke, puliza hewa polepole kupitia chupa ya maji ya nyuzi 80 kabla haijaingia kwenye mrija. Kwa joto hilo maji hutoa mvuke wa kilopaskali 47, na hewa ya Kisumu kwa mwinuko wetu wa mita zipatazo 1,130 ina takriban 88 hivi, kwa hiyo zaidi ya nusu ya gesi yako itakuwa mvuke. Funga utambi wa joto kwenye bomba la kuingilia, la sivyo maji yatatonea kwenye kaure ya moto na kuipasua.

Kisha rudia hatua ya 4, na ya 6 ukiweza. Mimi hukikataa kibebeo kilichopoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wa vitundu vyake kwa siku moja. Ukipima kwa hewa kavu tu halafu ukapeleka kwenye mvuke, umejidanganya, kwa kuwa mvuke huharakisha kuungana kwa chembe kuliko joto pekee. Titania nayo iangalie: anatasi hugeuka rutaili, mpangilio mwingine wa fuwele zake, kuanzia karibu na nyuzi 600, na eneo huporomoka nayo.

8. Pima nguvu. Ni kwa vidonge, si unga. Weka kidonge kimoja kati ya vipande viwili vya chuma juu ya mizani ya jikoni, bonyeza polepole, soma uzito kilipovunjika. Fanya kwa vidonge 50, andika wastani na pia kile dhaifu kuliko vyote. Kile dhaifu ndicho kitakachokuwa vumbi chini ya mtambo na kuziba gesi.

9. Sasa pakia metali, kwa hesabu. Anza na manganizi, si nikeli. Misombo ya nikeli husababisha saratani ikivutwa kama vumbi, na mwanafunzi anayejifunza bado anamwaga.

Tuseme una gramu 10 za kibebeo chenye ujazo wa mililita 0.60 kwa gramu, unataka asilimia 5 ya manganizi. Manganizi inayohitajika ni gramu 0.526, yaani 0.526 ndani ya jumla ya 10.526. Nitrati ya manganizi yenye maji manne ina uzito wa molekuli 251.0 na manganizi ni 54.94, kwa hiyo pima gramu 2.40 za nitrati. Ziyeyushe, kisha ongeza maji mpaka jumla ya kimiminika iwe mililita 6.0. Kosa la kila mwaka: mtu anaweka mililita 6.0 za maji halafu anaongeza chumvi, ujazo unazidi, na ziada inakauka nje ya punje kama ukoko.

Dondosha ukitikisa, kama hatua ya 4. Acha saa mbili. Kausha kwa nyuzi 110 usiku kucha, kisha choma kwa nyuzi 350 kwa saa 3, ukipanda nyuzi 2 kwa dakika. Moshi wa kahawia utakaotoka ni nitrojeni dayoksaidi, ni sumu. Fanya ndani ya kabati la kuvuta moshi, mlango ukiwa umeshushwa.

10. Jaribu, kitupu kando ya kilichopakiwa. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 kutoka duka la dawa, ile ya "volyumu 20", inatosha kwa kuanzia. Usichukue ya saluni, imewekewa dawa za kuituliza. Changanya mililita 4 na mililita 20 za maji, kaa kwenye beseni la maji ya kawaida lisipande joto, ongeza gramu 0.1 za kichocheo, na kusanya oksijeni kwenye silinda iliyopinduliwa ndani ya maji. Andika ujazo kila sekunde 15.

Mililita 4 za volyumu 20 ni mililita 80 za oksijeni kwa vitabu, lakini vitabu vinahesabu kwa usawa wa bahari na nyuzi sifuri. Hapa Kisumu zitakuwa karibu na 100, Nakuru zaidi kidogo. Usishangae wala usiseme umevuka asilimia mia.

Fanya majaribio manne: bila kitu, kibebeo kitupu, kibebeo chenye manganizi, na oksidi ya manganizi peke yake yenye manganizi kiasi kile kile. Jaribio la pili ndilo watu wanaloliruka, nalo ndilo litakaloonyesha kama chuma kilichobaki kwenye diatomaiti yako ndicho kinachofanya kazi. Mwisho, rudia la tatu kwa kichocheo kilichosagwa laini. Kikikimbia zaidi, vitundu vya punje kubwa vinaizuia peroksaidi kuingia. Ule unga laini wa hatua ya 3 tumia kuthibitisha kwamba kusaga kwenyewe hakuongezi chochote.

Mambo yakienda kombo

*pH haikati mshazari.* Kibebeo ni kidogo mno au mita haijasawazishwa. Ongeza hadi gramu 0.5. Kwa silika, nukta iko chini sana kiasi kwamba chupa ya pH 2 huenda isiiguse. Amini mwelekeo wa mstari, usilazimishe.

*Kidonge kilichopasuliwa kina ukingo mweusi na moyo mweupe.* Metali haikuingia ndani. Aidha umekausha haraka, au uso umeikamata metali mlangoni. Kausha polepole zaidi kwa nyuzi 60, au weka asidi ya sitriki kidogo kwenye kimiminika ishindane na metali kwa nafasi.

*Kichocheo cha nikeli au kobalti juu ya alumina kimegeuka buluu.* Umechoma kwa joto la juu mno. Metali imezama ndani ya alumina na kuwa aluminati, ambayo haidrojeni huipunguza (huiondolea oksijeni ili irudi kuwa metali) kwa shida sana. Hakirudi nyuma kwa kuchomwa tena. Kitupe kwenye pipa la taka za nikeli, uanze upya chini ya nyuzi 500.

*Metali juu ya titania imepoteza uwezo baada ya haidrojeni ya nyuzi 500.* Mtafiti Tauster na wenzake waliliripoti jambo hili mwaka 1978, na baadaye ikabainika kwamba titania iliyopunguzwa na haidrojeni hupanda juu ya metali na kuifunika. Jaribu kuichoma tena kwa hewa, kisha ipunguze kwa nyuzi 200 tu.

*Kimiminika cha hatua ya 10 kinaendelea kutoa mapovu baada ya kuchuja kichocheo.* Metali imetoka kwenye kibebeo na inafanya kazi majini. Rudi hatua ya 9, choma kwa muda mrefu zaidi, suuza kabla ya kujaribu.

*Maabara mbili zimekupa eneo la uso tofauti kwa sampuli moja.* Uliza kwanza sampuli ilipashwa nyuzi ngapi. Yenye maji vitunduni husoma pungufu. Kisha uliza kuhusu shinikizo. Nitrojeni iliyo wazi huchemka kwa shinikizo la hewa ya mahali ilipo, na kwenye mwinuko wetu hilo liko chini sana ya kilopaskali 101. Fundi akiacha mashine itumie namba ya usawa wa bahari badala ya kupima ya siku hiyo, kila nukta inasogea. Mwombe faili lenye nukta zote, si namba ya mwisho pekee, na hesabu mwenyewe.